Nyasi za Mnazi Mmoja: Nani Hupanda, Nani Hukanyaga?

Katika historia ya Dar es Salaam hakuna mmea uliofanya kazi ya siasa kwa ukimya kama nyasi. Mnazi uliupa uwanja jina, mwarobaini ukatupa kivuli na dawa, lakini nyasi ziliwahi kutumika kama ukuta. Leo, taasisi zetu zinapotangaza zabuni za kupendezesha viwanja na kuajiri makandarasi wa hapa nchini watandike nyasi mpya, inafaa tujikumbushe historia hiyo. Mkataba wa bustani unaweza kuonekana jambo dogo. Ndani yake kuna maswali makubwa: ardhi ni ya nani, kazi ni ya nani, na nani ana haki ya kuketi juu ya kijani hicho.

Tuanze na ramani. Kanuni za ujenzi walizotunga Wajerumani mwaka 1891 ziliugawa mji kwa aina ya nyumba, na kwa kuwa aina ya nyumba ilifuata kipato na rangi, watu nao wakagawanyika. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na wapagazi wa jeshi lao wakapiga kambi mahali ambapo leo panaitwa Kariakoo, jina lililozaliwa kutokana na matamshi yetu ya "Carrier Corps". Chini yao mgawanyo ukawa wa kanda tatu: ya Wazungu upande wa bahari, ya biashara na makazi ya Wahindi katikati, na ya Waafrika upande wa magharibi. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa eneo la wazi. Hilo ndilo Mnazi Mmoja.

Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kuchunguza usafi wa miji ya Kenya ya leo, Uganda na Zanzibar, alipendekeza mitaa ya Wazungu itengwe na mingine kwa ukanda mtupu usiopungua upana wa yadi 300. Hofu ilikuwa malaria na tauni. Lakini ikiwa ugonjwa ulitokana na maji machafu na msongamano, tiba yake ilikuwa mifereji, maji safi na nyumba bora kwa wote. Ukanda wa nyasi haukumtibu mgonjwa. Ulimweka mbali na macho ya mwenye nafasi. Zanzibar nayo ina Mnazi Mmoja yake, pembeni mwa Mji Mkongwe, na majina hayo mawili yanatukumbusha kwamba pwani yetu iliusoma mji wa kikoloni kwa alama zilezile.

Swali la pili ni la kazi. Huko Uingereza, kabla ya Edwin Budding kupata hataza ya mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, bustani pana ilikuwa tangazo la utajiri: mwenye nayo alionyesha kwamba anaweza kuiacha ardhi bila kulima na bado akawalipa watu waikate. Desturi hiyo ilipofika kwetu ilikutana na soko la kazi za kikoloni. Kulikuwa na mfanyakazi wa kipande, aliyehesabiwa siku 30 katika kadi yake, na kulikuwa na kibarua, aliyepewa hati ndogo ya siku moja, na lugha yetu ikageuza hati hiyo kuwa jina la mtu. Sheria ya kodi ya kibanda na kichwa iliruhusu asiye na fedha alipe kwa kufanya kazi za umma. Kwa hiyo unadhifu wa mji wa kikoloni haukuwa zawadi ya serikali kwa wananchi. Mara nyingi ulikuwa jasho la wananchi wenyewe, lililopatikana kwa bei ndogo au kwa shuruti.

Hata hivyo, historia haikuishia kwa waliochora ramani. Ofisi ya TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954, ilikuwa katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, unaopakana na uwanja huo. Ardhi iliyotengwa ili watu wasikutane ikawa mahali pa kukutania: mikutano ya hadhara, swala za Idi, mpira wa jioni. Ukuta wa nyasi ulivunjwa kwa miguu. Kila nionapo kibao cha "Usikanyage nyasi" hujiuliza ni urithi gani tunaoulinda.

Sasa turudi kwenye zabuni. Niliwahi kuketi katika kikao cha taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, tukipitia kazi ya kutandika nyasi. Mchanganuo wa gharama ulieleza kwa kina idadi ya mita za mraba na siku ya kukabidhi kazi. Haukusema lolote kuhusu udongo wa juu, chanzo cha maji wala miezi ya matunzo. Nyasi zilitandikwa mwishoni mwa masika, zikapigwa picha, zikapokelewa. Kufikia Septemba palikuwa na vumbi. Mkandarasi alikuwa ametimiza mkataba. Mkataba ndio haukutimiza haja. Fundi yeyote wa vitalu vya kando ya barabara angetueleza bure kwamba nyasi zilizokatwa pamoja na udongo wake huhitaji ardhi iliyolainishwa na kusawazishwa, na maji ya kila siku mpaka mizizi ishike. Hatukumuuliza, kwa sababu hakuwa na hati za kumwingiza mlangoni.

Hapo ndipo sheria inapotudai. Utaratibu wa ununuzi wa umma unazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sioni kazi inayofaa zaidi lengo hilo kuliko bustani: haihitaji mitambo mikubwa, inahitaji ujuzi ambao vijana wetu tayari wanao. Lakini kikundi kikishinda zabuni kisha kikacheleweshewa malipo kwa miezi, tutakuwa tumempa kibarua jina jipya na kumwachia mashaka yaleyale, na safari hii hata ujira wa siku hana.

Kwa mtumishi wa umma anayeandaa zabuni, madai yangu ni matatu. Lipia matunzo ya mwaka mzima pamoja na upandaji, ili kiangazi kipite mkandarasi akiwa bado anawajibika. Lipa kwa wakati, kwa hatua zilizoandikwa. Na kabla ya kuagiza uzio, eleza kwa maandishi uwanja huo utatumiwa na nani. Kwa mwanafunzi na mwanaharakati, dai langu ni moja: ombeni kuusoma mkataba huo. Mji wenye watu zaidi ya milioni 5, kwa sensa ya mwaka 2022, hauna ardhi ya wazi ya kuchezea, na nyasi ambazo mlipa kodi amezigharimia lakini haruhusiwi kuzikalia bado ni ukuta.