Sili, si Muhuri

Gari linalopanda na kushuka mlima wa Mbololo, karibu na Voi, likianza kuugua giaboksi, tumbo lake ndilo husema. Tope jekundu hushikamana chini, zito, linanuka oili. Vumbi la Voi halikai hivyo juu ya chuma kikavu. Likiganda, kuna mahali panavuja. Fundi atalala chali chini ya gari, apanguse kwa kitambaa, amulike, kisha aseme neno moja: "Sili."

Neno hilo nataka kulitetea, kwa kuwa wako wanaotafsiri maelezo ya magari na kuandika "muhuri wa mafuta". Hapo maneno yote mawili yamepotea njia. Mafuta ya gari, huku kwetu, ni petroli au dizeli. Kinacholainisha gia ni oili. Na muhuri ni chapa: wa chifu, wa mahakama, wa shule kwenye cheti. Neno la Waingereza, seal, lililotupa sili, lilitoka kwenye Kilatini, likimaanisha alama ndogo. Alama ikapigwa kwenye nta iliyofunga barua, kisha neno likaiacha alama likashika ule ufungaji, hadi likafika kwenye mashine. Muhuri wetu haukufunga safari hiyo, ulibaki kwenye karatasi. Lakiri, ambayo ndiyo nta yenyewe, ingekaribia, ila lakiri hufunga kitu kisiguswe; ikibanduliwa imekwisha kazi.

Kazi ya sili ni ngumu kuliko hiyo. Inaiachia shafti izunguke maelfu ya mara kwa dakika, na papo hapo inaizuia oili isitoke nayo. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, yenye mdomo mwembamba unaoigusa shafti, na mdomo huo unakazwa na springi nyembamba iliyojipinda duara. Gasketi haiwezi hayo, kwani hukaa kati ya vipande viwili vilivyotulia. Kizibo nacho huziba tundu tupu, na tundu la sili lina shafti ndani.

Joto huukausha mpira ukawa mgumu. Vumbi huikwaruza shafti hadi ikachimbika kijifereji mahali mdomo unapogusa. Lakini mara nyingine sili haina kosa. Juu ya giaboksi kuna tundu dogo la kupumulia. Likizibwa na udongo, hewa iliyopata moto hukosa njia na kuisukuma oili nje. Badilisha sili bila kuzibua tundu hilo, na mpya itavuja vilevile.

Sili ya nyuma, pale propela shafti inapoingia, ndiyo nyepesi kubadilisha. Oili humwagwa, propela shafti ikachomolewa, sili kuukuu ikang'olewa bila kukwaruza kikalio chake. Mpya hupakwa oili mdomoni, upande wa springi ukielekezwa ndani, kisha hugongwa taratibu kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, pande zote sawa. Ikiingia kimshazari imeharibika. Mwishowe oili hujazwa hadi kipimo chake.

Ya mbele ni kazi ya siku. Imejificha nyuma ya klachi, na giaboksi nzima lazima ishushwe. Ikivuja hulowesha sahani ya klachi, na kwenye mpando wa Mbololo injini itanguruma gari lisisogee. Inaniuma nikiona mwenye gari amelipia klachi mpya, giaboksi iko chini, na sili ya bei ndogo imeachwa ileile.

Usitupe ile kuukuu kabla ya kuipangusa. Pembeni mara nyingi huwa na namba tatu za milimita: upana wa shafti, upana wa tundu, unene wa sili yenyewe. Ukifika dukani kwa wauza spea Voi, sema hivi: "Naomba sili ya giaboksi, ya nyuma, 35 kwa 52 kwa 7," au namba zozote zilizo kwenye yako.