Pua ya Mbung'o na Njia ya Shaba

Kabla ya reli kufika mji wa Elisabethville mwaka 1910, shaba iliyochimbwa katika vilima vya Katanga nchini Kongo, kuanzia pande za Kolwezi ya leo hata mashariki, ikayeyushwa katika matanuri ya udongo na kumiminwa katika kalibu za misalaba, ilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanadamu. Na aliyelazimisha hayo ni mdudu mdogo, mbung'o, kwa hisi yake ya kunusa.

Huko Bunkeya, mji wa Katanga ambako Msiri aliyetoka Unyamwezi alitawala hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, misafara ilishika njia mbili, moja ya Ziwa Tanganyika na nyingine ya Angola, ikichukua shaba na pembe za ndovu, na wapagazi wake, ambao baadhi yao walikuwa mateka, hawakupata punda wala ng'ombe wa kuwapunguzia mizigo, kwa kuwa nagana, maradhi yaenezwayo na mbung'o, iliwaua wanyama hao njiani.

Tukirudi kwenye hisi ya kunusa, ndovu ana chembe za urithi za kunusa zipatazo 2,000, zaidi ya maradufu ya mbwa. Lakini mbung'o, asiye na pua hata kidogo, hunusa kwa vipapasio vyake, vyenye vinywele vyembamba vilivyotobolewa ili harufu ipenye. Hukaa kivulini akingoja, na upepo ukimletea pumzi ya ng'ombe, iliyochanganyika na asetoni na oktenoli, huruka kuukabili mpaka macho yake yauone mwili.

La ajabu zaidi, nami naliona kuwa kiini cha habari hii, ni kwamba uchunguzi uliofanywa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, katika miaka ya 1970, ulidhihirisha kuwa mbung'o wa nyikani aghalabu huikwepa harufu ya binadamu. Na fauka ya hayo damu yetu huviua vijidudu vya nagana. Basi mpagazi alipita pale ng'ombe alipoanguka, akatwikwa mzigo wa mnyama, ingawa mbung'o wa mitoni hakumsamehe, akampa malale, yaani ugonjwa wa usingizi.

Kuro naye hukwepwa na mbung'o kwa harufu yake. Wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, wameiiga harufu hiyo na kuitia katika vichupa vifungwavyo shingoni mwa ng'ombe, na huko Kwale ng'ombe waliovishwa wamepungukiwa na nagana, wakarudi kulima.