Uvimbe Uliojificha Kichwani

Msomaji, ukiwa Nyeri asubuhi waweza kuuona Mlima Kenya. Adhuhuri mawingu yameshaufunika, ingawa upo palepale. Ndivyo uvimbe wa ubongo ulivyokuwa machoni pa matabibu. Eksirei, aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, huonyesha vizuri mfupa wa fuvu, lakini nyama laini iliyomo ndani haionekani.

Ikabidi kutia kitu mwilini. Mwaka 1918 Walter Dandy wa Marekani alitia hewa katika vyumba vya maji ya ubongo, na maumivu yake hayakuwa madogo! Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno akatia dawa mishipani. Renato Ruberti alipoanza upasuaji wa ubongo Nairobi mwaka 1967, mgonjwa wa Nyeri aliyepelekwa huko, mwendo wa kilomita 150 hivi, hakuwa na njia bora kuliko hizo.

Siku hizi kuna mashine ya sumaku, na dawa yake ya kawaida ni gadolini, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa mwilini. Kwa hiyo matabibu wamejaribu ferumoksitoli: chembe za chuma zilizovikwa sukari, ndogo hata 30,000 zikipangwa mstari mmoja hufikia milimita moja tu. Ajabu ni kwamba iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa kutibu upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo, wala si kwa picha. Seli za ulinzi zilizomo uvimbeni huzimeza chembe hizo, na siku ya pili picha humwonyesha mpasuaji mahali pa kukata na mahali pa kuacha.