Majirani na maeneo salama ya kulala
Kuwashirikisha majirani ni kuketi nao mapema, kabla haijaamuliwa wasio na makazi walale wapi usiku. Mjini Portland, Marekani, kambi ya wasio na makazi iitwayo Right 2 Dream Too ilianzishwa mwaka 2011 katikati ya jiji, ikazungushiwa ua wa milango mikuukuu. Mpango wa 2013 wa kuihamishia mtaa wa Pearl ulikwama kwa upinzani wa wenyeji. Ilihama mwaka 2017, kwenda kwingine. Wapo wasemao kwamba jirani akiulizwa atakataa tu. Hofu yake ni ya kweli, ila mara nyingi inahusu mambo yanayojadilika: vyoo, taka, kelele, nani analinda lango. Aulizwe hayo, na ajibiwe. Kama watu walale salama au wasilale, hilo mtaa usipigishwe kura.