Vidonge vya Mpango Vilivyoanza kwa Waliotafuta Mtoto

Leo tuongee juu ya hedhi isiyo na mpangilio kwa mama anayetafuta mtoto.

Mama mmoja alikuja kliniki, miaka mitatu katika ndoa bila mtoto. Damu yake ilikuwa ikija baada ya siku 50, mara nyingine mara mbili kwa mwezi. Nilimpa vidonge alivyoandikiwa na daktari. Kufika nyumbani, mama mkwe akavitambua: "Hivi si vya mpango? Unataka mtoto au hutaki?" Vikaishia chooni. Kosa lilikuwa langu, maana sikumweleza. Basi niwaeleze ninyi, ingawa itabidi turudi nyuma kidogo.

Katika miaka ya 1920, Kyusaku Ogino wa Japani na Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba yai hutoka kwenye ovari karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Ndipo ikaeleweka kwamba hedhi ikiyumba sana, mara nyingi yai halitoki, au hutoka kwa nadra. Mwaka 1935 madaktari Stein na Leventhal wa Chicago wakaandika juu ya wanawake wenye ovari kubwa zenye vifuko vingi. Shida hiyo tunaiona hapa kwetu pia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Boston, Dkt. John Rock aliwapa homoni wanawake 80 waliokuwa wamekosa watoto, ili ovari zipumzike. Walipoacha dawa, 13 walishika mimba katika miezi michache. Dawa ya Enovid, iliyotokana na kazi yake na Gregory Pincus, iliruhusiwa Marekani mwaka 1957 kwa matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960. Sisi Kenya mpango wa kitaifa wa uzazi ulianza mwaka 1967, na vidonge vikajulikana vijijini kwa kazi hiyo moja. Mama mkwe hakukosea, ila aliijua nusu tu ya habari.

Lakini msinielewe vibaya. Ukivimeza vidonge hivyo, damu hupata mpangilio, ila yai halitoki, kwa hiyo si rahisi kushika mimba wakati huo. Anayetaka mtoto sasa hivi huhitaji dawa ya kuamsha ovari. Klomifeni iliruhusiwa Marekani mwaka huo huo wa 1967. Letrozoli ilianza kama dawa ya saratani ya matiti, na utafiti uliotolewa mwaka 2014, wa wanawake 750 wenye ovari za vifuko, ulionyesha kwamba katika kila 100 waliotumia letrozoli, karibu 27 walijifungua mtoto hai. Kwa klomifeni walikuwa 19. Kwa kawaida humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Usizinunue dukani kwa kusikia kwa jirani, kwa sababu zinaweza kuleta mapacha na zinahitaji kufuatiliwa.

Kwa hiyo ukifika kliniki, sema mapema: "Natafuta mtoto." Utapimwa mimba kwanza, maana damu hiyo huenda ni ya mimba inayoharibika. Ukilowesha padi nzima kwa saa moja, ukiona kizunguzungu, au ukiumwa tumbo la chini baada ya kukosa hedhi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Yule mama alirudi na kalenda ya duka, tarehe zote amezizungushia kalamu. Mumewe alikuja naye. Nilipomwambia kwamba na yeye mbegu zake zitapimwa, alitazama mlango kwa muda, kisha akauliza chupa iko wapi.