"Loath" na Vidole vya Kaizari

Neno la Kiingereza "loath" wengi wetu hulifasiri kwa mkato tu: "kutotaka". Je, yatosha?

Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Alikuwa Rais, na Tanganyika ilikuwa jamhuri tangu Desemba 1962 tu. Suala la taji, basi, halikuwa la Roma peke yake.

Katika tamthilia hiyo, Casca asimulia kwamba Kaizari alipewa taji mara tatu akalisukuma. Ila mara ya pili, kwa maoni yake, alikuwa "loath" kuliondolea vidole. Sasa, ndugu msomaji, "alikataa" si kweli, maana aliliachia. "Hakutaka" yataja moyo, yasahau mkono. Huku kwetu Ruanda, Mbozi, mtu akienda mkutanoni bila kupenda tunasema kaenda shingo upande: mwili umekubali, moyo bado. Kaizari naye alilisukuma shingo upande.

Tofauti hiyo si ndogo. Brutus aliua kwa shaka, si kwa ushahidi. Mfasiri akiiondoa shaka hiyo, ameshatoa hukumu kabla yetu.