Serebelamu: Ubongo Mdogo Chini ya Kisogo

Konda wa daladala ya Mbagala Rangi Tatu husimama mlangoni gari likikata kona, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unapanga chenji, huku akiita abiria. Haanguki, wala hafikirii miguu yake. Msawazo huo wa mwili hutegemea sana serebelamu, sehemu ya ubongo iliyo chini ya kisogo, ambayo kwa Kiswahili imezoeleka kuitwa ubongo mdogo.

Istilahi hiyo inafuata Kilatini, ambamo jina la asili ni hali ya udogo ya neno lenye maana ya ubongo. Kiswahili nacho hudogosha kwa kiambishi ki-: mlima huzaa kilima. Kwa kanuni hiyo tungepata "kibongo". Lakini Bongo ni lakabu ya Dar es Salaam, na siku hizi ya Tanzania nzima, na Kibongo ni mtindo wa huko, kama katika filamu za Kibongo. Kivumishi "mdogo" kinakwepa mgongano huo.

Kinaleta mwingine, ulio mzito zaidi. Mama akiambiwa katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala kwamba mwanawe ana shida ya ubongo mdogo, anaweza kuelewa kuwa ubongo wa mtoto haukukua. Hiyo ni hali nyingine, mikrosefali.

Tena udogo huo ni wa umbo tu. Kwa mtu mzima serebelamu ina uzito wa gramu 150 hivi, karibu sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwamo Suzana Herculano-Houzel, walikadiria kuwa ubongo una nyuroni bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zimo humo. Seli nyingi za hapo ni ndogo mno, zimesongamana katika gamba lenye mikunjo myembamba.

Serebelamu ina nusu mbili, kulia na kushoto, zilizounganishwa na vermisi, jina la Kilatini lenye maana ya mnyoo. Katika gamba lake zimo seli za Purkinje, zilizoelezwa mwaka 1837 na Jan Evangelista Purkyně wa Bohemia. Kila moja hupokea miunganisho ipatayo laki mbili, na ujumbe inaoutoa ni wa kuzuia. Serebelamu hulinganisha agizo la tendo na taarifa za misuli, macho na sikio la ndani, kisha hurekebisha. Nusu ya kulia huhudumia mkono wa kulia, tofauti na ubongo mkubwa, ambao huongoza upande wa pili.

Ikiumia, mtu hupepesuka, hutanua miguu akitembea, mkono hutetemeka zaidi unapokaribia kikombe, na maneno hutoka vipande vipande. Pombe, gongo ikiwamo, huivuruga vivyo hivyo. Ndiyo maana aliyepatwa na kiharusi cha sehemu hiyo anaweza kudhaniwa mlevi, akaachwa alale huku muda wa matibabu ukipita.

Vitabuni, basi, "serebelamu" ndiyo iliyo salama. Wodini "ubongo mdogo" uendelee kutumika, mradi daktari aongeze mahali na kazi: sehemu iliyo chini ya kisogo, inayoratibu mwendo. Na anayeanza kupepesuka ghafla bila kunywa akimbizwe hospitali mara moja.